Bomba Halikupita Upande wa Mashariki

Mama alianguka uani wakati wa masika, asubuhi, akiwa na kopo la maji mkononi, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa choo. Hakuvunjika. Alichubuka kiwiko, nyonga ikavimba, akapakwa dawa, akanyamaza. Lakini tangu siku hiyo nikawa naona kikombe chake cha chai kinarudi jikoni kikiwa nusu, na gilasi ya maji niliyomwekea kando ya kitanda haiguswi. Nilidhani hana hamu. Wiki ya pili ndipo nilipong'amua kwamba mama yangu anajinyima maji ili asipate haja ya kwenda nje. Mwanamke aliyenilea, ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe, anakaa na kiu kwa kuogopa kuvuka uwanja ambao mtoto anauruka kwa mbio moja. Nililia jikoni huku nimefungulia bomba ili asinisikie, kisha nikatoka kwenda kumtafuta fundi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Shuleni ninajulikana kwa mambo mawili: sikosei hesabu, na hasira zangu ziko karibu. La kwanza si kweli, kama itakavyoonekana. La pili ni kweli mpaka leo.

Nyumba yetu iko Mpendae. Baba aliijenga kwa mikono yake na ya marafiki zake, siku za mapumziko, wakati baina ya nyumba na nyumba bado kulikuwa na vijishamba vya muhogo. Choo alikiweka nje, pembeni mwa ua, kwa sababu aliamini binadamu halali chini ya paa moja na choo. Tangu alipofariki, na mimi nikarudi kutoka bara, tumebaki wanawake wawili, mimi na mama. Mpango wangu ulikuwa mdogo: chumba kimoja nyuma ya nyumba, kishikane na ukumbi, kiwe na choo na bafu humo humo, na mlango usio na kizingiti wala ngazi. Mama ainuke kitandani, ashike ukuta, afike.

Fundi alikuja, akazunguka ua mara mbili, akagongagonga ardhi kwa mtaimbo, akasikiliza mlio wake.

"Mwalimu," akasema, "chumba unakitaka juu, lakini kazi iko chini."

Chini ya mahali pale palikuwa na karo, lile shimo la maji machafu alilolichimba baba. Palikuwa na paipu ya kutoka chooni kwetu, na bomba la maji safi linaloingia jikoni, na paipu ya jirani. Msingi hauwekwi juu ya karo, fundi alisema. Ukuta utasimama mwaka mmoja, wa pili utaingia shimoni pamoja na kitanda cha mama. Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza ilibidi kila kitu kihame. Karo jipya lichimbwe mbele ya nyumba, ambako gari la kunyonya linaweza kufika, na paipu zote za maji machafu zitafutiwe njia ya kwenda huko. Upande wa magharibi ukuta wetu umeshikana na mpaka, hata paka hapiti. Ilibaki njia moja tu, ule ukanda mwembamba wa upande wa mashariki, kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa ua.

Ukanda ule nilikuwa nikiupita kila siku bila kuutazama. Mama aliufagia kila asubuhi kabla ya kufagia kwingine, na hata baada ya kuanguka aliendelea, mkono mmoja umeshika ufagio na mwingine ukuta. Niliwahi kumwaga pale ndoo ya maji ya kufulia, akaniambia, "Hapo usimwage." Nilidhani anaogopa matope. Sikumuuliza kwa nini.

Niliona vumbi na kelele za mafundi hazimfai, nikampeleka Chukwani kwa mdogo wake, akakae mpaka tumalize. Kusema kweli nilitaka pia kumshtukiza, arudi akute chumba kimekwisha na ufunguo mlangoni. Wakati nampangia nguo kwenye begi aliniuliza, "Mtachimba wapi?"

"Uani tu, Mama. Mambo ya mafundi hayo, usijichoshe."

Aliuliza mara moja tu, na hilo ndilo jibu nililompa. Alikuwa mgonjwa wa miguu, mimi nikamfanya mgonjwa wa akili.

Njia za chini ya ardhi alizijua baba, na baba hakuchora. Ramani ilikuwa kichwani mwake, akaondoka nayo. Mtu mwingine aliyezijua ni jirani yetu wa magharibi, mzee wa umri wa baba, seremala wa zamani ambaye sasa macho yamemchoka. Mimi ninamwita Ami, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake, ingawa hatuna damu moja. Nyuma ya nyumba yake chini ni jabali tupu, karo halichimbiki, kwa hiyo baba alimruhusu maji yake ya chooni na bafuni yavuke mpaka na kuingia katika karo letu. Hakuna aliyeandika kitu. Walichimba mfereji pamoja, wakalaza paipu, wakafukia, wakaenda kusali.

Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeanza kuhesabu. Kila karo lilipojaa nilikumbuka kwamba kwake wako saba na kwetu tuko wawili. Sikumwambia kitu, lakini salamu zangu zilikuwa fupi, na mtu mzima huelewa.

Hata hivyo nilipomwita alikuja.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo huko?"

Alitembea uani polepole, fimbo yake ikichora mchangani, na fundi nyuma yake akimwaga majivu juu ya mstari. Hapa inakata kona. Hapa babako alitia kipande cha chuma mana paipu ilimpungukia. Hapa pana chemba, mfuniko wake umefukiwa, chimbeni kidogo mtauona. Tulichimba kidogo, tukauona. Hakukosea hata pahala pamoja, na mimi, kwa dakika zile, nilimwonea haya kwa yote niliyokuwa nikiyawaza juu yake.

Kisha nikampeleka kumwonyesha njia mpya. Fundi alikuwa ameshapiga vigingi na kufunga kamba katika ukanda wa mashariki. Ami alifika kwenye mdomo wa ukanda, akasimama. Hakuingia.

"Huku ndo mtachimba?"

"Njia ni hii tu, Ami."

"Mama anajua?"

"Mama nnamjengea yeye."

"Ndo mana nkakuuliza." Aliitazama ile kamba muda mrefu. "Mngojeni arudi. Arudi kwanza, kisha mchimbe."

"Akirudi kabla hatujachimba, choo atakwenda wapi? Si kule kule alikoanguka?"

Alisema tena, taratibu, "Mngoje mamako," akashika njia ya kwake.

Nilifanya hesabu zangu. Nikasema: huyu anajua karo jipya litakuwa mbele, na likishakuwa mbele nitamwambia paipu yako sasa jitafutie njia. Anachelewesha. Anamtumia mama kama ngao. Ilikuwa hesabu nzuri, kila tarakimu mahali pake, na jibu lake lilikuwa uongo mtupu.

Siku iliyofuata fundi na wenzake wawili walianza kuchimba upande wa mashariki. Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Udongo wa juu ulikuwa laini, na fundi alikuwa na mpira wake mrefu wa maji aliopimia mteremko, akifurahi kwamba maji yatakwenda yenyewe bila kusukumwa. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia uji. Mara kelele za sururu zikakoma. Mlio wa sururu ukikoma ghafla mtu hujua, kama anavyojua mtoto akinyamaza chumba cha pili.

Nilipotoka, wote watatu walikuwa wamesimama nje ya mfereji. Ndani yake, katikati ya ukanda, udongo ulikuwa wa rangi nyingine, mweusi zaidi, na ndani ya udongo ule mlikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Hakuna aliyetaka kuugusa. Nilishuka mimi, nikaufungua.

Ndani mlikuwa na vitambaa vyeupe vilivyogeuka rangi ya chai, pamba, kichupa cha marashi kilichokauka, na chanuo. Baina ya meno ya chanuo palikuwa na unywele mmoja mweupe.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mwalimu," fundi akasema.

Hakusema zaidi ya hapo, na sitaki nimtwishe mzigo usio wake. Mengine yote niliyasema mimi. Mimi ninayewaambia wanafunzi kila siku kwamba jambo halithibitiki kwa kufanana tu, niliutazama unywele ule na nikauona ni wa mama. Nyumba yetu ina mtu mmoja tu mwenye nywele nyeupe. Vitambaa, marashi, unywele, vimefungwa fundo na kufukiwa ubavuni mwa nyumba, na mwenye nywele ameanguka. Na mtu mmoja tu alisimama pale jana akasema msichimbe. Sikuhitaji mganga wala mtazamiaji. Nilikuwa nimeshapata jibu.

Nilichukua karai la kuchanganyia saruji, nikatia mfuko na vyote vilivyomo, nikamimina mafuta ya taa, nikawasha. Nikasimama juu yake mpaka vitambaa vikaisha, chanuo kikajikunja, kichupa kikapasuka. Nilisoma dua nilizozijua. Kisha nikabeba karai kwa matambara, likiwa bado linafuka, nikatoka nalo njiani.

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walikuwa wanatoka msikitini, na Ami alikuwa ndiyo kwanza amekaa barazani kwake, anavua kofia. Nikaliweka karai mbele ya miguu yake.

"Ami, vitu vyako nimekurejeshea."

Aliinama kutazama. Macho yake ni mabovu, ilimchukua muda. Akanyoosha kidole kuelekea vipande vya kichupa, asiviguse.

"Vilikuwa wapi?"

"Wewe unapajua. Si ndo mana hukutaka tuchimbe?"

"Umevichoma vyote?"

"Vyote. Na unywele wa mama yangu pia."

Watu walikuwa wamesimama. Niliongea mengi, na kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka nyuma. Nilimuuliza tumemkosea nini. Nilimkumbusha kwamba baba yangu alimpa njia ya maji, na kwamba malipo yake ndiyo haya. Ami alinisikiliza huku amekamata kofia yake kwa mikono miwili. Nilipomaliza alisema, "Basi, mwanangu," akainuka, akaingia ndani, akarudisha mlango.

Kwangu mimi ile ilikuwa kukiri.

Jioni ile ile aliziba paipu yake. Fundi alisikia anagonga upande wa pili wa ukuta, na kesho yake akaniambia paipu imekauka, kuna saruji mbichi kwenye mdomo wake. Watu wa nyumba ile wakawa wanakwenda kwa jamaa zao kuoga, na mwenyewe anakwenda msikitini. "Unaona?" nilimwambia fundi. Lakini moyo haukutulia. Dukani nilisikia wanawake wawili wakizungumza, wakanyamaza nilipofika, na sikujua kama wanamsema yeye au mimi. Niliona mama mmoja anamvuta mtoto wake apite upande wa pili wa njia, mbali na baraza ya Ami, baraza ambayo sisi sote wa mtaa ule tulijifunzia kutambaa. Nililiona hilo, na ninakiri kwamba niliridhika kidogo. Kidogo, lakini niliridhika.

Mama alikuja siku ya tatu, bila kuitwa. Habari zilikuwa zimefika Chukwani kabla ya mimi kuzipeleka. Mdogo wake alimleta kwa teksi, na mama hakutaka kushikwa mkono. Alipita ukumbini, akatoka uani, akaenda moja kwa moja upande wa mashariki, akasimama juu ya mfereji. Paipu ilikuwa imeshalazwa nusu, nyeusi, inchi nne, imenyooka kama nilivyotaka.

"Fundi," akasema, "nakuomba utupishe, baba."

Fundi na wenzake wakatoka. Mama akaegemea ukuta.

"Ulikuta nini hapa?"

Nikamwambia. Vitambaa, pamba, kichupa, chanuo. Nikamwambia unywele.

"Unywele wa nani?"

"Wako, Mama."

"Mimi nywele zangu zilianza kuwa nyeupe lini?"

Sikuelewa swali. Aliniuliza tena, naye si mtu wa kurudia. Ndipo nilipokumbuka kwamba weupe ule umeonekana baada ya baba kufariki; alipokuwa hai mama alikuwa anapaka hina, na kichwa chake kilikuwa chekundu.

"Hapa ndipo alipooshwa babako," mama akasema.

Nieleze kwa asiyejua. Kwetu maiti akioshwa, chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa shimo, huitwa ufuo, ili maji yashukie humo yasitawanyike na kukanyagwa. Vitambaa alivyosuguliwa, pamba, na vilivyobaki, havitupwi jaani. Huzikwa papo hapo katika ufuo na pakafukiwa. Nyumba yetu ndani ni saruji tupu, hapachimbiki, kwa hiyo baba walimtoa ukandani, pahala pa stara, wakatundika mashuka huku na huku. Jambo hili kila mtu mtaani anajua jinsi linavyofanywa. Na mimi ninajua. Lakini kujua linavyofanywa si kujua lilipofanywa, na mimi sikuwepo.

Nilikuwa Dodoma, masomoni. Alifariki alfajiri, akazikwa alasiri. Nilipata basi, nikalala Dar, nikavuka na boti ya asubuhi, nikafika Mpendae watu wanakunja majamvi. Nilimkasirikia kila mtu siku ile. Nilisema wangeningoja. Mama aliniambia maiti hangoji, na baada ya hapo hatukulizungumza tena. Kaburi lake Mwanakwerekwe ninalijua, ninalitembelea. Nyumbani sikuwahi kuuliza alilala upande gani, alioshwa wapi, nani alimfumba macho. Niliogopa kusikia majina ya watu waliokuwepo.

Na sasa mama alinitajia mmoja wao.

"Ami yako ndiye aliyechimba ufuo. Vijana walitaka kumpokea sururu, akakataa. Yeye ndiye aliyemwosha, yeye ndiye aliyemchana ndevu. Chanuo kile ni cha babako, cha kila siku. Akavikusanya vyote kwenye mfuko, kwa adabu tu, visichanganyike na udongo, akavilaza. Mimi nlikuwa dirishani pale."

Nilitaka kusema kwamba sikujua. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, na nilijua kwamba haki ile haina kazi. Nilikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, na miguu yangu ikagusa paipu. Nilikuwa nimevichoma kwa mafuta ya taa. Nilikuwa nimesimama juu yake mpaka vikaisha. Kitu pekee kilichobaki juu ya ardhi kilichowahi kuota katika mwili wa baba yangu, nilikishika kwa vidole viwili, nikakiona ni ushahidi.

"Na hii," mama akasema, akiionyesha paipu kwa kidole, "itoke."

"Mama, dini haikatazi."

"Dini haikatazi. Nakataza mimi. Choo changu hakitapita juu ya mume wangu."

"Basi chumba hakijengeki. Hakuna njia nyingine."

"Iko."

Nilijua anaisema ipi. Upande wa pili wa mpaka wa magharibi, kando ya nyumba ya Ami, kuna uchochoro wake mwenyewe unaotoka nyuma mpaka mbele, mpana wa kutosha. Jabali haliruhusu karo, lakini paipu haihitaji kina kirefu. Fundi mwenyewe alikuwa ameutamani tangu siku ya kwanza, nami nikamwambia pale hatuombi. Kutoka kwa baba kwenda kwa Ami njia ilitolewa. Kutoka kwa Ami kuja kwetu mimi nilikuwa nimeshaifunga kwa karai.

"Nenda," mama akasema. "Na ulipita njiani na watu wanakutazama. Urudi vivyo hivyo."

Nilingoja adhuhuri ya siku iliyofuata. Niliisubiri kama mgonjwa anavyosubiri kuitwa kwa daktari, nikitamani isifike na nikitamani ipite. Wanaume walipoanza kutoka msikitini nilijifunga mtandio, nikatoka. Ami alikuwa barazani. Watu wakapunguza mwendo, maana mtaani kwetu hakuna sinema. Nilisimama pale pale nilipoliweka karai, na kivuli cha majivu bado kilikuwa sakafuni, hakijafutika.

Nilisema niliyokwenda kusema, kwa sauti ile ile ya darasani. Nilisema vitu vile havikuwa vya uchawi, vilikuwa vya ufuo wa baba yangu. Nilisema mzee huyu ndiye aliyemwosha, na mimi nimemzulia, na kila aliyenisikia siku ile anisikie na leo. Nilimwomba radhi mbele yao. Mmoja wa wanaume akasema, "Allahu Akbar," chini kwa chini, wakatawanyika wakiwa wametazama miguu yao.

Ami aligonga baraza kwa kiganja, kunionyesha nikae.

"Mwosha huoshwa," akasema. "Siku yangu ikifika na mimi ntawekwa juu ya kitanda, sina la kujisitiri. Mtu akijua hivyo haweki mambo moyoni."

"Kwa nini hukuniambia, Ami? Siku ile nimesimama hapa natukana. Ungesema neno moja."

"Vilikuwa vishaungua. Ningekwambia ili iweje? Nikwambie mbele za watu kwamba umemchoma babako? Na kabla ya hapo haikuwa yangu kusema. Ufuo ni wa wenyewe. Nlitaraji mama akwambie."

Sikuweza kumtazama. Nikaanza kusema habari ya paipu, ya uchochoro, naye akanikata.

"Mwambie fundi aje kesho. Mamako anataka choo. Na yangu aiunge humo humo, tutoke pamoja."

Hivyo ndivyo lilivyokwisha jambo lililoniondolea usingizi, kwa maneno ambayo mtu hutumia kuagiza mkate. Nilikuwa nainuka kwenda zangu aliponishika mkono. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kile chanuo," akasema. "Umesema kulikuwa na unywele."

"Mmoja, Ami. Mweupe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kwetu unywele wa maiti ukitoka katika kuchanwa hautupwi wala hauachwi, hutiwa sandani akazikwa nao mwenyewe. Hilo nalo kila mtu analijua.

"Mimi nlidhani nimeziokota zote," Ami akasema. "Nlipapasa kila pahala. Macho yalikuwa yashaanza. Nisamehe, mwanangu. Ule ulinipita."

Nilikuwa nimekwenda pale kuomba msamaha, na yeye alikuwa ananiomba mimi, na machozi yanamshuka bila ya kuyafuta. Alikuwa anangoja jibu. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Ami," kwa kuwa hapakuwa na neno jingine ambalo lingemfanya auachie mkono wangu.

Chumba kimekwisha. Paipu inapita kwake, inachukua maji yetu na yake mpaka karo jipya, na mama sasa anakunywa maji gilasi nzima na kuomba nyingine. Ukanda wa mashariki umefukiwa, na ninaufagia mimi. Ami ninamwamkia kila asubuhi na ananiitikia vizuri, ananiuliza hali ya mama, ananiuliza hali ya shule. Lakini siku ile barazani mimi ndiye niliyesema nimekusamehe. Yeye aliniambia ya paipu, aliniambia ya unywele, na neno lile la kunisamehe hakulitamka, na mpaka leo sijapata uso wa kumuuliza.